Fungueni mageti Septemba, si Aprili

Aprili kila kiwanja cha Dodoma ni bustani. Hata kile ambacho mwenye nacho yuko Dar na hajakiona tangu akilipie kimefunikwa na majani mabichi mpaka kwenye bikoni. Ukitaka kumjua anayeweza bustani, subiri Septemba. Mvua imekatika tangu mwishoni mwa Aprili, upepo umepiga miezi mitatu mfululizo, vumbi limekaa juu ya kila jani, na bado kuna nyumba Ilazo, Kisasa au Area D ambayo juu ya ukuta wake bogonvilia imewaka na mkomamanga unachungulia. Mpita njia huangalia, husifia, huondoka. Hajui ule mkomamanga unakunywa ndoo ngapi.

Hoja yetu ni kwamba bustani za majumbani Dodoma zifunguliwe kwa wageni kwa siku zilizopangwa, na siku hizo ziwe Septemba, wakati mambo ni magumu.

Wazo lenyewe ni la visiwani. Isle of Wight, kisiwa kilicho pwani ya kusini ya Uingereza, wenye nyumba hufungua bustani zao siku chache kwa mwaka, mgeni analipa kiingilio, anatembea, anakunywa chai, ananunua mche, anakwenda zake. Ni sehemu ya mpango wa Uingereza ulioanza mwaka 1927, ambapo bustani 609 za watu binafsi zilifunguliwa kwa shilingi moja kwa kichwa, na fedha zikaenda kwa wauguzi waliokuwa wakizunguka majumbani kutibu wagonjwa. Karibu na kwetu kuna Unguja. Ukienda Kizimbani, Kidichi au Dole, mwenye shamba la viungo anakukwangulia gome la mdalasini unuse, anapasua tunda la kungumanga uone ule utando mwekundu wa basibasi, na usipoangalia unarudi mjini na kofia ya majani ya mnazi kichwani. Hayo ni mashamba zaidi kuliko bustani za nyumbani, lakini kanuni ni moja: mwenye mti ndiye anayeueleza, palepale ulipo.

Dodoma ichukue kanuni hiyo na kuiacha mimea. Tunasema hivi kwa sababu bustani nyingi zinazokufa mjini hapa zinakufa kwa kuiga pwani. Unguja hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, kwa misimu miwili, masika na vuli. Dodoma hupata kati ya 550 na 600, msimu mmoja, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Kule tatizo ni maji yaliyozidi, kwa hiyo mtu huinua tuta ili mizizi isioze. Mtu huyo huyo akihamishiwa kazi Dodoma huinua tuta lile lile, na hapa tuta ni kosa: upepo unalikausha pande tatu, maji unayomwaga juu yanateremka ubavuni, na kufikia saa 6 mchana udongo ni wa kubomoka. Huku kitanda cha mimea huzamishwa. Chimba sentimita 30, changanya udongo na samadi iliyoiva angalau miezi mitatu, rudishia mpaka ubaki chini ya uso wa ardhi kwa sentimita 10. Maji yanakaa, kivuli cha kingo kinasaidia, upepo unapita juu. Jambo dogo kama hilo ukilisoma kwenye kipeperushi unaweza kulipuuza. Ukiona vitanda viwili vya mchicha vimekaa bega kwa bega, kimoja kimeinuliwa na kimoja kimezamishwa, vilivyopandwa siku moja na kumwagiliwa sawa, hulipuuzi tena.

Na hapo ndipo ukuta unapotugharimu. Tangu serikali ilipoanza kuhamia kwa kishindo mwaka 2016, mji umejengwa kwa kasi, na kitu cha kwanza kusimama kwenye kiwanja ni fensi ya tofali. Miche imegawiwa mingi, hasa baada ya kampeni ya kuifanya Dodoma ya kijani kuzinduliwa Desemba 2017. Mche si tatizo. Tatizo ni mwezi wa tano baada ya kupanda, mwenye nyumba anapojiuliza kwa nini ncha za majani zimeungua wakati anamwagilia kila siku. Jirani yake wa tatu alishalijibu swali hilo miaka minne iliyopita, lakini jibu liko nyuma ya geti lenye mbwa.

(Jibu lenyewe, kwa kuwa tumelitaja: chumvi. Visima vingi vya Dodoma vina maji ya chumvi. Anayemwaga kidogo kidogo kila siku huacha chumvi yote kwenye mizizi, kwa sababu maji yanapanda kuwa mvuke na chumvi inabaki. Mwagilia mara moja au mbili kwa wiki, kwa wingi, mpaka maji yazame chini ya mizizi na kuisukuma chumvi huko. Ukiona utando mweupe kwenye ukingo wa chungu, ndiyo hiyo. Mparachichi hauivumilii. Mkomamanga, mtende na mwarobaini huivumilia.)

Bustani itakayofunguliwa Septemba lazima ianze na hesabu ya maji, na hesabu hiyo iandikwe mahali mgeni anapoingia. Chukua nyumba ya kawaida yenye paa la bati la mita za mraba 120. Kila milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa milimita 570, ukitoa asilimia 20 inayopotea kwa kurukaruka na kuvuja kwenye mifereji ya paa, paa hilo linashusha zaidi ya lita 54,000 kwa mwaka. Ni maji mengi, na ni matamu, hayana chumvi. Sasa angalia simtanki la lita 5,000 lililo pembeni. Linajaa kwa milimita 52 tu, yaani mvua mbili tatu kubwa za Desemba, na baada ya hapo kila kinachoshuka kinamwagika. Kuanzia Mei mpaka Novemba kuna siku kama 210. Gawanya lita 5,000 kwa siku hizo: lita 24 kwa siku. Ndoo moja na kijagi.

Ndoo moja na kijagi haitoshi ukoka. Mita 100 za mraba za ukoka, kwenye jua na upepo wa kiangazi cha hapa, zinataka kama lita tano kwa kila mita kwa siku ili zibaki kijani. Hizo ni lita 500, ndoo 25, uniti 15 za bili kwa mwezi, kwa ajili ya kitu ambacho hakiliwi na hakitoi kivuli. Hatuna ugomvi na mwenye uwezo wa kulipa. Ila asifungue geti akawafundisha watu kwamba bustani ni hiyo, katika mji unaonyweshwa kwa sehemu kubwa na visima virefu vya bonde la Makutupora.

Kinachofaa kuonyeshwa ni zile lita 49,000 zinazobaki. Kununua matangi kumi ni ghali, na hakuna haja, kwa sababu tangi kubwa kuliko yote ni udongo. Toa bomba la inchi tatu kwenye mdomo wa kufurikia wa simtanki, lipeleke kwenye beseni lililochimbwa kuzunguka mti: upana mita mbili, kina sentimita 25. Beseni hilo linashika karibu lita 780 kwa mara moja. Likijaa, lichongee mfereji upeleke maji kwenye la pili, kisha la tatu. Mti wenye mizizi ya miaka mitatu, uliopewa mabeseni kama hayo msimu mzima, huingia kiangazi na akiba chini yake, na ndoo mbili kwa wiki humtosha mkomamanga kufika Novemba.

Makosa ya hapo ni matatu na yote tunayaona kila mwaka. La kwanza, shina linawekwa katikati ya shimo chini kabisa, maji yanasimama kwenye shingo ya mti, linaoza. Mpapai hufa kwa wiki moja, mlimau hujivuta mwaka mzima ndipo ufe. Shina likae juu ya kichuguu kidogo katikati ya beseni. La pili, beseni linachimbwa kando ya msingi. Weka angalau mita tatu, na zaidi kama kiwanja chako ni cha ule mfinyanzi mweusi wa mbuga, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, ukuta nao unapasuka. La tatu ni matandazo. Mabua ya mtama au maganda ya karanga yanapunguza sana kukauka, lakini yakigusa shina yanakuwa daraja la mchwa. Acha duara tupu la sentimita 15. Mchwa wa Dodoma hupenda mti uliodhoofika kwa kiu kuliko uliokunywa, kwa hiyo ukiwaona wamepanda shina, kabla ya kutafuta dawa uliza mti umekunywa lini.

Mahali pasipo na mti mkubwa, mtungi wa udongo unafanya kazi. Uzike mpaka mdomoni, ujaze maji, ufunike kwa kibao ili mbu wasizalie, panda nyanya au bamia sentimita 20 hadi 30 kutoka ukingoni. Usipakwe rangi. Kabla ya kuuzika ujaze uuache nje usiku kucha: ukiamka na ubavu mkavu, umechomwa mno, vinyweleo vimefunga, upeleke ukawe mtungi wa maji ya kunywa.

Sasa vibao. Huku ndiko bustani ya kufunguliwa inakotofautiana na bustani nzuri tu. Mgeni hataki jina la kisayansi, akilitaka atauliza. Anataka vitu vitatu: huu ni mti gani, ulipandwa lini, unakunywa kiasi gani. Kibao cha mbao huliwa na mchwa kabla ya msimu kuisha, na wino wa maka unafutwa na jua kwa miezi michache. Kata kopo la soda kwa mkasi, lifungue liwe bati laini, liweke juu ya gazeti lililokunjwa, uandike kwa kukandamiza na kalamu iliyokwisha wino. Maandishi yanaingia ndani ya bati na hayatoki tena. Kunja kingo, zinakata vidole. Funga kwa waya uliolegea, kwa sababu tawi linanenepa na waya uliokaza utalinyonga.

Na viandikwe vya miti iliyokufa pia. Mparachichi uliokauka usiung'oe wiki ya wageni. Uache umesimama na kibao chake: "Mparachichi. Ulipandwa Machi 2023. Ulikufa Mei 2024. Maji ya kisima." Hakuna kitu kwenye bustani nzima kitakachomwokolea mgeni fedha nyingi kama kile kijiti. Wenye bustani wengi watakataa, tunajua. Watu hufagia na kuficha kabla ya wageni kufika, ni desturi na ni heshima. Lakini Aprili ndiyo ya kufagia; Septemba ni ya kusema kweli.

Kuhusu geti lenyewe. Kiwanja cha mita 20 kwa 30, ukitoa nyumba na sehemu ya gari, kinabaki na bustani ya kama mita 300 za mraba. Humo wageni wasizidi 15 kwa wakati mmoja, wengine wasubiri barazani. Njia ya mtu mmoja iwe sentimita 90, ya watu kupishana sentimita 120, na izunguke, wanaotoka wasigongane na wanaoingia. Moramu iliyoshindiliwa inatosha. Pevingi ni nzuri lakini mchana inarudisha joto kwenye mimea. Saa za kufungua ni saa 2 mpaka saa 5 asubuhi, na saa 10 mpaka saa 12 jioni. Katikati hapo hata mimea imelala.

Mbwa ahamishwe tangu jana yake, maana mbwa aliyefungwa nyuma ya nyumba akibweka saa nne mfululizo ataharibu siku. Choo cha nje kiwe na maji na sabuni, na kiwe na mshale, ili mgeni asilazimike kupita sebuleni kwako kukiuliza. Kama fensi yako ni ya minyaa, weka kamba mbele yake: utomvu wake ukiingia machoni mtu anakwenda hospitali. Waridi la jangwani, lile lenye shina nene na maua ya waridi yanayotoka hata bila majani, nalo lina utomvu wa sumu, na ndilo watoto wanalolikimbilia kwanza kwa sababu Septemba ndilo linalong'aa. Oleanda ni hivyo hivyo, kila sehemu yake.

Hofu ya wizi si ya kudharauliwa. Anayefungua geti anaonyesha pia madirisha, tangi, na nani yuko nyumbani. Ndiyo maana tunaona nyumba moja isifungue peke yake. Isle of Wight na kwingineko Uingereza vijiji hufungua bustani kadhaa siku moja kwa tiketi moja, na kwetu muundo wa kufanya hivyo upo tayari: mtaa. Nyumba tano za mtaa mmoja zikubaliane, mwenyekiti wa mtaa na mjumbe wa shina wajue, tiketi ikatwe mahali pamoja, jina liandikwe daftarini, na kila nyumba iwe na watu wawili, mmoja getini, mmoja bustanini. Mgeni aliyesajiliwa na kusindikizwa si yule anayepita usiku. Faida ya pili ni kubwa zaidi: nyumba tano ni majibu matano kwa udongo uleule na kisima kilekile. Mgeni akitoka ya kwanza yenye kichanja cha mzabibu, akaingia ya tatu ambako mzabibu ulishindwa, ana swali la kuuliza. (Mara nyingi jibu ni kwamba haukupogolewa. Dodoma haina baridi ya kuulaza mzabibu, kisu ndicho kinachoulaza, mara mbili kwa mwaka.)

Fedha zigawanywe mapema na hadharani, sehemu kwa wenye bustani kufidia maji, sehemu kwa kitu ambacho mtaa wote unakiona: zahanati, madawati, miti ya barabarani. Zisiporudi mtaani mwaka wa pili hakuna atakayefungua. Na tunawasihi wenye bustani wasikubali kupiga hatua ya pili ambayo itakuja yenyewe, yaani maombi ya kupigia picha za harusi na kufanyia sendofu. Malipo ni mazuri, lakini baada ya mwaka mmoja vitanda vimefunikwa pevingi ili viti vikae sawa, beseni limefukiwa ili bi harusi asijikwae, na kilichobaki ni ukumbi wenye maua.

Kitu kimoja hakikwepeki: mgeni ataomba mbegu au tawi. Kiswahili kimetupa neno moja, ua, kwa kilichochanua na kwa uwanja wa nyumba, na kuua halipo mbali. Tawi likivunjwa na wageni arobaini yote matatu yanakutana. Kwa hiyo iwepo meza ya miche. Machi, udongo ukiwa bado na unyevu, kata vipande vya bogonvilia vilivyokomaa, unene wa penseli, urefu sentimita 15 hadi 20, chomeka kwenye viriba chini ya kivuli. Huchukua wiki sita hadi nane kushika mizizi, na Septemba viko tayari kuuzwa. Shubiri hutoa watoto yenyewe, watenganishe Juni. Mlonge panda kwa mbegu. Mnunuzi wa bogonvilia aambiwe asiinyweshe sana, kwani ikishiba maji hutoa majani na kusahau maua. Na kila mche utakaouzwa, mnunuzi awe amemwona mama yake amesimama bustanini siku hiyo hiyo, hai.

Vinywaji visiwe vingi. Juisi ya ubuyu, iliyotengenezwa kwa maji yaliyochemshwa, na karanga za kuchemsha. Soda kila mtu anaijua.

Mwagilia jioni ya kuamkia siku ya wageni, usimwagilie asubuhi yake. Matope yatabebwa na viatu mpaka nyumba ya tano. Njia tu ndiyo inyunyiziwe alfajiri, ndoo mbili tatu, kulaza vumbi. Wageni wakishaondoka, udongo ulio kando ya njia utakuwa umekanyagwa ukawa kama sakafu, na maji hayataingia. Kesho yake mapema utifue kwa uma, sentimita kumi tu usikate mizizi, rudishia matandazo, kisha hesabu vibao. Viwili au vitatu vitakuwa vimechukuliwa. Angalia ni vya miti gani, ndiyo miche ya kuotesha kwa wingi Machi ijayo.